Kitambaa cha Manjano na Mashine za Ujima

Jumatatu, 5 Agosti

…na kwa hiyo narudia pale nilipoachia jana, kabla mke wangu hajaja kwa nyuma kunifunika macho kwa viganja na kuniuliza nani: hakuna mwanamume mwenye bahati kama mimi. Mke wangu! Nimeandika tena. Mke wangu. Hata kalamu inaona raha.

Ila kila ua lina mwiba wake. Mwiba wa ua langu uko miguuni mwa mama mkwe. Si kwa ubaya! Mama mkwe ni dhahabu. Lakini hajawahi kuniona. Wiki ya harusi alipanda kigoda abadilishe balbu, kigoda kikamkana, akavunjika mguu. Harusi akaitazama kwenye simu, na simu yenyewe ilishikwa na mjomba anayetetemeka mikono. Kwa hiyo ananijua kidevu na sikio la kushoto, basi.

Leo kapiga. Kamuuliza mke wangu mkwe wake wa picha hajambo, na je, ana miguu kweli, maana picha zote zimemkata kiunoni. Nikapaza sauti kutoka jikoni kwamba miguu ninayo, tena yote miwili. Akasema basi niilete mlangoni kwake niioneshe, maana mwisho wa mwezi kaka mkubwa wa mke wangu anakuja kumchukua akaishi naye ng'ambo, na akishavuka huko hajui atarudi lini, au kama atarudi.

Mke wangu akaahidi tutakwenda. Akakata simu. Akashika tama.

Tatizo ni hesabu. Mke wangu ni mtafiti chuoni. (Mimi? Kidato cha nne, na matokeo ambayo nyumbani hatuyataji.) Anachunguza vumbi: linapeperushwa vipi, linatua wapi, linaingia mapafu ya nani. Hesabu yake ni kubwa hivi kwamba kompyuta moja ingeihangaikia mpaka tuzae wajukuu. Ndiyo maana anatumia Ujima. Wao wenyewe wanauita hivyo. Kompyuta zote za chuo, za maktaba, za jiografia, za kemia, zikikaa bure bila mtu, kila moja inapewa kipande cha hesabu ya mtafiti iifanye, kama majirani wanaolimiana shamba. Mashine ikiwa kazini, skrini inakuwa nyeusi na kidoti cha kijani kinatembea juu yake taratibu. Tena kuna sharti. Alinieleza sharti lenyewe, ni kitu kuhusu kugusa au kutogusa, lakini alipokuwa akieleza alikuwa ameweka mkono wake juu ya wangu, na mimi nikishikwa mkono masikio huziba.

La kukumbuka ni hili. Jumatatu ya tarehe 19 mitihani inaanza na mashine zote zinachukuliwa na wanafunzi. Hesabu isipokwisha kabla ya hapo, msimamizi wake wa utafiti hampi ruhusa ya kwenda popote, na mama mkwe atavuka mipaka akinijua kidevu.

Haitatokea! Kwani mimi nani? Mimi ni mhudumu wa usafi wa vyumba vya kompyuta, chuo kizima! Mashine zinazomlimia mke wangu shamba ziko mikononi mwangu. Nina mpango.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango wenyewe. Fundi simu wa pale kona aliwahi kuniambia kinachoua kompyuta ni vumbi. Vumbi linaingia kwenye kibodi, mashine inapata joto, na ikishapata joto inakuwa mvivu kama mtu aliyeshiba. Basi! Mke wangu analihesabu vumbi, mimi nalifuta. Mungu hakutukutanisha bure.

(Na tulikutanaje? Nilikuwa nafuta ukingo wa dirisha la ofisi yake. Neno lake la kwanza kwangu maishani lilikuwa "Usiguse!" Kumbe lile vumbi la dirishani alikuwa analikusanya. Mimi nilidhani ni maringo ya mrembo. Nikapenda palepale.)

Nimekata kitambaa kipya kutoka kwenye kile cha manjano kilichopamba viti vyetu vya harusi. Nakiweka mfuko wa shati, upande wa moyo. Leo nimezunguka nacho maktaba, jiografia, hisabati, kemia. Kila penye kidoti cha kijani nimesimama, nikafuta kibodi kitufe kwa kitufe. Kwa mahaba. Nikifika kwenye herufi inayoanza jina lake, naifuta mara mbili.

Jambo la kupendeza sana: nikigusa tu, kidoti kinatoweka na skrini yote inawaka. Nadhani ndivyo mashine inavyosema asante. Au ni haya. Mke wangu naye nikimshika shavu mbele za watu hutoweka vivyo hivyo.

Baada ya kemia napita mlangoni kwake. Nachungulia. Anainua macho, ananipungia kalamu. Nasimama pale kidogo kupoza moyo, kisha naendelea na jengo la kilimo nikiwa mtu mpya.

Alhamisi, 8 Agosti

Mke wangu karudi uso umemshuka. Hesabu haiendi. Ikipanda hatua moja inashuka mbili. Anasema vipande vinakufa. Vinakufa! Aliposema hivyo sauti ilimkwaruza, na mimi kifua kikanipasuka kama boga. Kuna mtu, anasema, anazikatiza mashine zikiwa kazini, na kipande kikikatizwa kinatupwa, kinaanza upya kwingine kama hakijawahi kufanywa.

Nikasimama katikati ya sebule. Nikaapa. Huyo mtu nitamtafuta, nitampata, na siku nikimpata atanitambua mimi ni mume wa nani! Mke wangu akasema nikae nile kwanza, chakula kinapoa.

Nikala. Lakini nilitafuna kwa hasira.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Nimelitafakari hilo nikiosha vyombo, na nimemfikia mtu mmoja: Marashi. Fundi wa maabara ya kemia. Ana sharubu za kuchonga. Anajipulizia manukato mpaka ukipita nyuma yake unatafuta pa kushika. Na mke wangu akipita, humwita "daktari wetu." Wetu! Wetu na nani?

Kesho naanza ulinzi. Na usafi nitauzidisha. Mashine zilizofiwa zinahitaji mapenzi zaidi.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku ya aibu. Si yangu yote, lakini sehemu yangu si ndogo.

Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika matangazo kwa herufi kubwa: HATARI! UMEME! USIGUSE! Nikabandika vyumba vyote vya kompyuta vya maktaba. Wazo safi kabisa! Watu wasikaribie, mashine zilime kwa amani. Na kweli wanafunzi walitoka mbio, mmoja akaacha kiatu. Nikajipongeza. Nikasema kichwani, bwana harusi, wewe ungesoma ungekuwa mbali.

Nilichosahau ni kumwambia mkuu wa maktaba. Yule mama hataki mtu afie kwake. Kasoma tangazo, kapiga simu kwa mafundi wa umeme. Wakaja na ngazi na kofia. Wakanikuta mimi mlangoni, wakaniuliza hatari iko upande gani. Nikasema inasemekana iko humu humu. Inasemekana na nani? Nikasema na watu. Wakatazamana. Wakasema usalama kwanza, wakazima umeme wa jengo zima, wakaenda kula.

Vidoti vyote vya kijani vilikufa kwa pamoja. Niliviona. Mimi na kitambaa changu mkononi, kama mtu aliyekuja msibani na pambo.

Jioni mke wangu akasema kuna mwendawazimu kabandika matangazo maktaba. Nikasema dunia imeharibika. Akasema ajabu ni kwamba mwandiko unafanana na wa zile kadi ninazomwekea chini ya mto. Nikasema watu wenye mwandiko mzuri ni wengi. Akanitazama bila kupepesa. Nikakiri kabla hajapepesa.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alisema anajua nilitaka kumsaidia, kisha akaniomba, tafadhali, mume wangu, usinisaidie tena. Nimeahidi. Sitasaidia tena kwa matangazo.

Usafi si msaada. Usafi ni kazi yangu, nalipwa mshahara.

Jumatatu, 12 Agosti

Sasa nafuta mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula cha mchana. La kustaajabisha ni kwamba adui naye kazidisha! Mke wangu anasema zamani vipande vilikuwa vinakufa asubuhi tu, sasa vinakufa hata mchana. Nikamwambia asiogope, huyo adui ana bidii lakini hanifikii mimi.

Mama mkwe kapiga. Ametolewa plasta, anatembelea fimbo. Kafua mapazia kwa ajili yangu. Kawaambia majirani mkwe anakuja, na majirani wamemuuliza ni yule wa kidevu. Akacheka mwenyewe. Halafu akasema kaka mkubwa keshakata tiketi, na kwamba haombi makubwa, anataka tu kumshika mkono mtu aliyemchukulia binti, ajue kama ni mkono mzuri.

Baada ya simu mke wangu alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema polepole kwamba sauti ya mama yake imezeeka ghafla. Nikashika miguu yake nikaipasha joto, basi.

Kesho Marashi. Kesho patachimbika!

Jumanne, 13 Agosti

Patachimbika, ndiyo. Nikachimbika mimi.

Chumba cha kompyuta cha kemia kina kabati la makoti. Nikaingia humo na kitambaa changu, nikauacha mlango wazi kwa upana wa jicho. Mpango: Marashi aingie, aguse mashine ya mke wangu, niruke kama chui. Vidoti vya kijani vilikuwa vinatembea kwenye kila skrini. Raha kuviona.

Nikasubiri. Marashi haji. Na mashine ya karibu, nikiitazama kupitia ule ufa, ilikuwa na vumbi kwenye kibodi. Vumbi jeupe, linang'aa, linanicheka. Nikajikaza. Binadamu ana kikomo. Nikatoka, nikaifuta, nikarudi kabatini. Halafu ya pili ikaonekana chafu kwa sababu ya kwanza ilikuwa safi. Kwa kifupi, nilifuta mstari mzima, nikarudi kujificha nikihema.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Marashi! Lakini hakuwa peke yake. Alikuwa na Mama Ujima, yule mama wa makamo anayeusimamia mtambo wote, miwani inaning'inia shingoni, viatu havitoi sauti. Akainama kwenye skrini. Akasema hizi zilikuwa kazini sasa hivi. Sasa hivi! Ameona kwake ofisini zinakufa moja baada ya moja kama mtu anapuliza mishumaa, akaja mbio. Marashi akaapa chumba hakina mtu.

Manukato yake yakafika kabatini. Nikapiga chafya.

Mlango wa kabati ukafunguliwa. Marashi akanitazama katikati ya makoti meupe. Akasema, "Shemeji! Karibu. Unajaribu saizi gani?"

Nikaona sina cha kupoteza. Nikatoka na koti moja limening'inia begani, nikamwambia mbele ya shahidi kwamba nimemjua, kwamba yeye ndiye anayeua vipande vya mke wangu, na kwamba akome na "wetu" yake. Alinitazama mdomo wazi. Kisha akacheka mpaka akashika meza. Akasema, shemeji, mimi? Kumbe huyo ndiye aliyebembeleza mashine za kemia ziingizwe kwenye Ujima, kwa ajili ya hesabu hii hii. Mtoto wake wa pili ana pumu. Kila upepo ukigeuka wanakimbilia hospitali. Anataka kujua vumbi linakwenda wapi kuliko hata mke wangu anavyotaka. Na manukato ni kwa sababu harufu ya dawa za maabara ikirudi naye nyumbani, mtoto anakohoa.

Nilitamani kabati linifunge lenyewe. Nikamwomba radhi. Akanipiga bega, akanivua koti lao.

Mama Ujima yeye hakucheka. Alikuwa anatazama kitambaa cha manjano mkononi mwangu. Akapitisha kidole kwenye kibodi, akakitazama kidole: kisafi. Akasema tu, kwa upole, "Nyani haoni kundule." Akaondoka.

Sijui alikuwa anamsema nani.

Jumatano, 14 Agosti

Naandika polepole. Mkono ni mzito.

Mke wangu amekuja na ramani ya chuo. Mama Ujima kaichapa. Kila kipande kilipofia pana nukta nyekundu, na nukta zimeungwa kwa mstari kufuatana na zilivyokufa. Akaitandaza mezani, akaweka vikombe kwenye pembe zisijikunje. Akasema nitazame.

Nikatazama kama mpelelezi. Nikamwonesha kwa kidole. Tazama, nikasema, adui anaanzia maktaba. Anakwenda jiografia. Hisabati. Kemia. Mtu wa mpangilio sana huyu. Halafu tazama ujanja wake: baada ya kemia anasimama. Hakuna kinachokufa kwa muda. Kisha anaendelea na kilimo. Hapa aliposimama pana nini?

Mke wangu akasema, "Hapo ni mlangoni kwangu."

Niliruka kwenye kiti! Kumbe anamnyemelea mpaka mlangoni, mshenzi yule! Nikamuuliza amemwona nani hapo mlangoni. Akasema amemwona mtu mmoja tu, kila siku, ana kitambaa cha manjano, na yeye humpungia kalamu.

Kuna vichwa ambavyo habari huviingia kwa miguu, tena ikichechemea. Nikasema, vizuri sana! Basi huyo mtu lazima amekutana na adui njiani, tumtafute tumhoji!

Akaniwekea mkono juu ya wangu. Safari hii masikio hayakuziba. Akasema, "Mume wangu. Ni wewe."

Akarudia lile sharti alilonieleza mwanzoni, neno kwa neno. Ujima unazitumia mashine ambazo hazina mtu. Mtu akigusa kibodi tu, mashine inajua mwenyewe karudi, inaitupa kazi ya watu na kumpisha. Ndiyo adabu yake. Kumbe kidoti hakikuwa kinasema asante. Kilikuwa kinakimbia. Nimekifukuza kutoka jengo hadi jengo, kwa mahaba, kwa kitambaa cha harusi yetu, halafu nikaenda kusimama mlangoni kwake nijivunie.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Nikacheka na mimi kidogo, kwa woga. Kisha nikaona mabega yanatikisika kwa namna nyingine. Alikuwa analia. Akasema amechoka, na kwamba mama yake amefua mapazia. Akaomba kitambaa. Nikampa kilichokuwa karibu. Akakitazama: cha manjano. Akacheka tena katikati ya machozi, akapenga kamasi nacho.

Ningekuwa kompyuta, ningejizima.

Alhamisi, 15 Agosti

Amri ya Mama Ujima: nisisogelee mashine yoyote kiasi cha mkono kuifikia. Nifagie korido. Nimeambiwa mbele ya mkuu wa maktaba, ambaye bado ana kile kiatu cha mwanafunzi.

Mikono nimeitia mfukoni. Inawasha. Nimepita nje ya vyumba nikichungulia vioo, na nimeona kitu ambacho sikuwahi kukiona zaidi ya kufumba na kufumbua: vidoti vya kijani, vyumba na vyumba, vinatembea kimya kimya bila kukatizwa na mtu. Vizuri mno! Vumbi limeanza kutua juu ya kibodi. Nimeliacha. Mungu shahidi, nimeliacha.

Marashi kapita. Akauliza, shemeji, mikono iko wapi? Nikainyanyua juu kama mwizi. Akacheka, kisha akasema hesabu inapanda vizuri, asubuhi ameiona. Namwomba Mungu ampe yule mtoto kifua kizuri.

Jioni mke wangu kala vizuri. Kaongeza.

Ijumaa, 16 Agosti

Sikiliza! (Namwambia nani? Shajara. Lakini sikiliza!)

Hadi mchana hesabu yote ilikuwa imekwisha isipokuwa kipande kimoja, kile ambacho mimi nilikiua mara nyingi kuliko vyote. Kilikuwa kwenye mashine moja tu, maktaba, ile ya dirishani. Jioni wanazibadilisha mashine zote ziwe za mitihani. Kikifa leo, basi tena.

Nikawa nafagia korido ile ile tangu chakula cha mchana. Sakafu inateleza hata nzi hawezi kusimama. Mara akaja mwanafunzi na begi, akavuta kiti, akanyoosha mkono kwenye ile ya dirishani. Nikapiga kelele! Akashtuka, akauliza kuna nini. Kugusa mashine siruhusiwi. Tangazo siruhusiwi. Umeme, Mungu apishe mbali. Nikabaki na kitu kimoja tu ambacho hakijawahi kuniishia.

Nikamsimulia habari za mke wangu.

Nilianzia ukingo wa dirisha na lile "Usiguse!" Alisikiliza kwa adabu, mkono bado hewani. Nilipofika siku ya kwanza kumsindikiza kituoni, mkono ulikuwa umeshuka. Nilipofika kwenye uchumba alianza kutazama mlango. Nilipofika viti vya harusi na rangi ya vitambaa, na kwa nini manjano na si buluu, alisema amekumbuka ana jambo. Akaenda.

Wakaja wasichana wawili. Nikaendelea palepale. Hawa hawakukimbia! Wakakaa chini, wakaweka mabegi magotini. Nilipofika mguu wa mama mkwe na majirani wa kidevu, mmoja akafuta machozi, mwingine akauliza sasa itakuwaje. Nikageuka kuwaonesha ile mashine, na pale pale, mbele yetu sote, kidoti kikasimama. Skrini ikaandika: IMEKAMILIKA.

Nilipiga ukelele. Wasichana wakapiga ukelele. Mkuu wa maktaba akatutoa nje sote watatu.

Nilikimbia njia nzima nikipeperusha kitambaa juu ya kichwa. Mke wangu alikuwa dirishani keshajua. Hakunipungia kalamu. Alinipungia mikono yote miwili.

Jumamosi, 17 Agosti

Furaha tupu. Msimamizi kamsifu. Kampa ruhusa! Kuna jambo moja dogo limebaki, mke wangu alilieleza asubuhi akiwa mlangoni anataka kutoka: kulinganisha ile hesabu na sijui nini cha kweli kilichotua, kiko juu huko, kimekuwa kikikaa tangu mwezi uliopita, anakwenda kukichukua Jumatatu mchana na kukipima, halafu tuko huru. Lakini alipokuwa akieleza alikuwa ananinyoosha kola, na vidole vyake vikigusa shingo yangu, hayo mengine yalipita juu kwa juu.

Nimenunua kigoda kipya cha chuma kwa ajili ya mama mkwe. Kina mpira miguuni, hakimkani mtu.

Jumatatu, 19 Agosti

Mitihani imeanza. Vyumba vyote vimejaa, mimi sitakiwi hata kukohoa. Nimetafuta pa kupeleka mikono hii asubuhi nzima. Nikapanda paani jengo la jiografia kuchukua ndoo yangu ya zamani.

Na nimekuta nini? Sinia ndogo nyeupe, zimepangwa safu kwa safu, kila moja ina kioo ndani, na uchafu wake! Vumbi limelala tabaka juu ya tabaka. Nani kazisahau huku? Watu wengine hawana huruma na vyombo vya chuo.

Sasa, mimi si yule wa wiki jana. Mtu hujifunza. Nimezikagua kwanza, moja moja, juu na chini. Hazina waya. Hazina kibodi. Hazina kidoti. Si kompyuta! Mama Ujima hana neno nazo. Nikachota maji, nikatia sabuni, nikatoa kitambaa cha manjano (nimekifua), na nimezisugua zote mpaka nimejiona kidevu ndani ya kila kioo. Nimezipanga tena safu kwa safu kama nilivyozikuta. Hakuna aliyeniomba. Ndiyo uzuri wake.

Naandika haya nimekaa kwenye ngazi ya chini, najipumzisha, naona raha ya mtu aliyetulia na ndoa yake. Mke wangu amenipita sasa hivi anapanda, ana masanduku mikononi, kaniparuza kichwani na kiwiko kwa mapenzi. Sikumwambia kitu. Akaone mwenyewe! Nyumbani nimeshafunga mizigo yote miwili, kigoda nimekifunga kwa kamba juu yake. Mama mkwe nimempigia kwa simu yangu mwenyewe, nikamwambia ajiandae kushika mkono, msafi kuliko yote anayoijua. Akacheka, akasema akitufungulia mlango ataanza kuhesabu miguu.

Nasikia hatua za mke wangu huko juu. Zinatembea. Zimesimama.

Kimya kirefu. Ameguswa mno, maskini. Mimi namjua.

Sasa ananiita jina langu lote, hadi la babu. Naenda. Mama, mapazia yaache hivyo hivyo juu. Kabla mwezi haujaisha, tuko mlangoni kwako.